Fedha Iliyopimwa Mara Mbili

Somo: Ezra 8:21-34

Leo tuko na neno kwa kila nyumba yenye mtoto anayesoma informatiki ya usimamizi, ao ambamo wazazi wanajiuliza kama wamwandikishe huko. Wengi wanatuuliza: "Pasteri, masomo ya kompyuta ni ya dunia. Yanasaidia nini kazi ya Mungu?" Tufungue kitabu cha Ezra, mlango wa 8.

Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu. Anabeba mali nyingi ya nyumba ya Mungu: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu, pamoja na vyombo. Njia ina wanyang'anyi, safari inachukua karibu miezi mine. Kwanza anatangaza kufunga kando ya mto Ahava. Askari wa mfalme hawaombi, kwa sababu alikwisha kushuhudia kwamba mkono wa Mungu unalinda. Huyo ni mtu wa imani, amina?

Lakini angalieni anachofanya baada ya kufunga. Anapima. Anaita wakuu wa makuhani na kuwapimia fedha na dhahabu mbele ya macho yao. Wanapofika Yerusalemu, siku ya 4, mali inapimwa tena, mikononi mwa Meremothi mwana wa Uria na wenzake watatu. Waliopokea si wale waliobeba. Kila kitu kinahesabiwa, na uzito wote unaandikwa.

Basi, wapendwa, Ezra hakuwa na shaka na makuhani wake. Aliwaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana. Na bado aliwapimia. Mizani haikuwatukana, iliwalinda. Mtu akija kesho kuwasingizia, maandiko yapo.

Hiyo ndiyo informatiki ya usimamizi. Watu wanafikiri ni kujua kubonyeza mashini na kuandika barua haraka. Hapana. Mama zetu wa AVEC wanaijua bila kompyuta. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu. Pesa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila mwanamemba yuko na kitabu chake. Hakuna mtu mmoja anayeweza kufungua peke yake. Mwanafunzi wa informatiki anajifunza kuweka kufuli hizo tatu ndani ya programu: anayeandika malipo asiwe ndiye anayeyakubali, kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, na nakala ya maandiko iwekwe mahali pengine, moto ao mwizi akija tusipoteze yote.

Ndiyo maana wanafunzi hawa wanafundishwa uhasibu pamoja na kuandika programu. Wanafundishwa njia inayoitwa Merise, iliyozaliwa Ufaransa katika miaka ya 1970. Inawaomba waelewe kwanza kazi ya watu: nani anatoa, nani anapokea, karatasi gani inapita wapi. Mashini inakuja mwisho. Wanajifunza pia kwamba katika uhasibu wa OHADA, ambamo inchi yetu iliingia mwaka 2012, andiko lenye kosa halifutwi. Linabaki, na andiko lingine linalisahihisha, ili anayekuja kukagua aone yote mawili. Muangalie wakili wa Luka 16: aliita wadeni wa bwana wake, akawaambia wabadilishe hati, mafuta mia moja yawe hamsini. Ilikuwa rahisi kwa sababu hati zilikuwa mkononi mwake.

Sasa tunasema na ninyi, vijana. Inchi yetu ilianza mwaka 2011 kulipa watumishi wa Serikali kupitia banki. Kazi hiyo inasimama juu ya orodha za majina. Jina la mtu asiyekuwepo likiingia ndani, mtu fulani anakula mshahara wake. Jina la mwalimu likitoka, watoto wake wanalala njaa. Orodha hizo zinashikwa na watu waliosoma masomo haya. Siku moja itakuwa wewe.

Kwa hiyo tunauliza bila kuzunguka: pointi zako ulizipata namna gani? Kuna wanaonunua mtihani. Kuna wanaolipa mtu mwingine awaandikie kazi ya mwisho wa masomo, kisha wanavaa toga na familia inacheza. Diploma hiyo ni fedha ambayo haijapimwa. Programu haijui toga: ukiandika vibaya mstari mmoja, haitembei, ao mbaya zaidi, inatembea na kutoa hesabu ya uongo. Na aliyelipa ili apite, siku atakapoombwa kuongeza jina la uongo kwenye orodha, atapata wapi nguvu ya kukataa?

Wazazi, mnauza mbuzi na shamba ili mulipe minervali. Musiulize tu, "Umepita?" Mwambie mtoto, "Nionyeshe ulichotengeneza." Hata kama hukusoma, mpe daftari la duka lako, akutengenezee hesabu ya mauzo ya juma moja. Utajua.

Na sisi wachungaji tusibaki nje. Wanafunzi wengi wanaandika programu kwenye karatasi, kwa sababu nyumbani hakuna umeme wala mashini. Makanisa yetu mengi yako na paneli za jua na kompyuta inayofunikwa kitambaa kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Tuwafungulie. Tuwape pia hesabu ya sadaka na fungu la kumi, waiweke vizuri, na mtu mwingine aikague. Mchungaji akisema, "Mimi ni mtumishi wa Mungu, hesabu yangu haikaguliwi," tumuulize kama yeye ni mtakatifu kuliko makuhani wa Ezra.

Kufunga na kupima vilitoka katika moyo mmoja. Aliyemtumaini Mungu barabarani hakuogopa mizani alipofika. Juma hili, kila kanisa linalotusikiliza litafute wanafunzi wake wa informatiki, liwawekee mikono na kuwaombea, kisha liwape kazi.

Bwana awabariki na kuwafanya mawakili waaminifu. Amina.