Homa Zinazofanana, Vipimo Visivyofanana



Katika siku hii ya maadhimisho tumepewa heshima ya kuzungumzia afya. Sisi si madaktari. Ni watu wa biashara. Lakini mwaka 2019, homa ya dengue ilipoenea Dar es Salaam na kufika hapa Tanga, ilidhihirika kwamba pwani yetu imezoea mno kuita kila homa malaria. Mtu hupimwa, huambiwa hana malaria, kisha hununua dawa ya malaria vilevile.

Tuanze na njia ya maambukizi. Malaria huletwa na vimelea, na mbu wake huuma usiku. Dengue na chikungunya huletwa na virusi, na mbu wao, aitwaye Aedes, mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Chandarua cha usiku tusikiache, lakini peke yake hakitoshi. Wala dengue haiambukizwi kwa kushikana mikono au kula pamoja, mgonjwa asitengwe.

Pili, dalili. Dengue huanza ghafla: homa kali, maumivu ya kichwa, ya nyuma ya macho, ya misuli na viungo, na pengine vipele. Katika chikungunya viungo ndivyo huteseka zaidi, hata kwa miezi. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwanza nchini mwetu, katika mlipuko wa mwaka 1952 kusini, nyanda za Wamakonde, na jina lake la Kimakonde lamweleza mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu.

Tatu, vipimo. Dalili hufanana, damu ndiyo husema kweli. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, tuulize kuhusu dengue. Katika siku za mwanzo hutafutwa chembe za kirusi chenyewe. Baada ya siku ya tano hivi hutafutwa kingamwili. Kwa hiyo mwambieni daktari homa ilianza siku gani.

Mpaka dengue ithibitike haipo, aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, kwa kuwa zaweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamo kwa kipimo chake, maji mengi na mapumziko ndiyo msaada. Homa ikishuka, tusishangilie mapema: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu au kulegea ghafla ni ishara za kukimbilia hospitali.

Yapo pia maradhi ya virusi yasiyo na mbu wala homa ya kuonekana. Homa ya ini aina ya B hupita katika damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtu aweza kuishi nayo miaka mingi akijiona mzima huku ini likiharibika. Hugunduliwa kwa kipimo cha damu, na chanjo yake ipo.

Ndugu zetu, mbu wa dengue huzaliwa katika maji yaliyotuama majumbani. Tutazame basi vya kwetu: visahani chini ya vyungu vya tulsi, vifuu vya nazi tulizovunja kwa ibada, mapipa yasiyo na vifuniko, matairi chakavu nyuma ya maghala yetu. Yai huhitaji takriban wiki moja kuwa mbu, na mayai hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji hakutoshi, chombo kisuguliwe.

Tunapendekeza kila Jumamosi asubuhi iwe saa ya huduma: hekalu lianze kwa uwanja wake, wenye maduka kwa maghala yao, kila jirani kwa ua wake. Mbu aliyezaliwa kwetu huuma mtoto wa jirani. Usafi huu nao ni ibada.