KRISMASI YA MWAKA MZIMA
Hotuba kwa Wakristo na Walimu, Mangapwani



Nimeambiwa niseme maneno machache juu ya Krismasi, nami najua wengine wenu mwajiuliza, Mbona tuambiwe habari za Krismasi leo, na sikukuu yenyewe ingali mbali? Ndiyo sababu hasa. Krismasi ikiwa karibu haina haja ya msemaji. Nguo mpya hushonwa, kuta hupakwa chokaa, kanisa hupambwa kwa makuti na maua, na harufu ya pilau hufika hata nyumba ya tatu. Siku hizo hata mchoyo huwa karimu. Mimi nauliza habari za mtu yule yule katika mwezi wa tano, mvua za masika zinaponyesha na mfuko ni mtupu. Je, Mtoto aliyezaliwa Bethlehemu yungali nyumbani mwake, au amerudishwa sandukuni pamoja na mapambo?

Nataka kuwaonyesheni jambo hili kwa mawe mawili ya kisiwa chetu.

Jiwe la kwanza liko mjini, Mkunazini. Mwajua ya kuwa mahali pale palikuwa soko la watumwa. Watu walisimamishwa pale wakafunuliwa vinywa, meno yao yakatazamwa, na mikono yao ikapimwa nguvu, kama ng'ombe mnadani. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa. Kasisi mmoja wa Misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja ule, na sehemu nyingine ilitolewa bure na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye wala hakuwa Mkristo. Na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, tarehe 25 Desemba 1873, jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa. Nadhani hapakupata kuwako katika nchi yetu zawadi ya Krismasi iliyo bora kuliko hiyo: mahali pa kuuzia watu pakawa mahali pa kumsujudia Yule aliyejifanya mtumwa kwa ajili ya watu.

Jiwe la pili liko hapa kwetu Mangapwani, kadiri ya kilometa 20 kaskazini ya mji. Sina haja ya kulieleza sana. Nanyi mmezaliwa karibu nalo, na wageni huja kila siku kulitazama. Ni chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, kina paa juu yake na ngazi za kuteremkia, na ndani ni giza na joto. Humo watu walifichwa, wakingojea kupelekwa pwani na kupakiwa majahazini. Lakini angalieni wakati wake. Chumba kile kilichimbwa yapata mwaka 1880, yaani baada ya mkataba kutiwa sahihi, baada ya soko kufungwa, baada ya jiwe la Mkunazini kuwekwa. Biashara ilikatazwa hadharani, ikashuka chini ya ardhi. Utumwa wenyewe haukufutwa Unguja kwa sheria hata Aprili 1897, katika enzi ya Sultani Hamoud bin Muhammad, na masuria walingoja hata mwaka 1909. Hesabuni wenyewe. Tangu Krismasi ile njema hata sheria ile ya 1897, ilipita miaka 23 na zaidi.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole. Katika karne ya 18 miongoni mwa wanunuzi wa watumwa wa pwani hii walikuwamo Wafaransa wa mashamba ya Mauritius na Réunion, watu waliobatizwa, wenye makanisa yao na Krismasi yao kila mwaka. Waliimba usiku wa mkesha, na asubuhi wakaita watumwa wao wawashe moto.

Ndugu zangu, ndivyo ulivyo moyo wa mtu. Katika uwanja ulio mbele ya macho ya watu twaweka jiwe la Krismasi, na nyuma ya nyumba twachimba shimo. Nasema hivi kwa kuwa shimo hilo nimelikuta kwangu mwenyewe, nami naona haya kulieleza, lakini Mwalimu asiyekiri kosa lake atafundishaje wengine kutubu?

Miaka kadha iliyopita tulikuwa na msichana wa kazi nyumbani, aliyetoka bara. Siku ya Krismasi nilimpa kanga mpya, doti nzima, mbele ya wageni. Wageni wakasifu, nami nikapendezwa. Januari ikaja na ada za shule za watoto wangu. Nikamwambia, Ningoje kidogo. Februari nikamwambia vile vile. Mwezi wa tatu sikumwambia neno, wala yeye hakuuliza. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akachota maji, akafagia, akapika, nami nikaenda kanisani kufundisha Katekisimu.

Mwezi wa nne niliwaleta watoto wa darasa langu hapa Mangapwani, waone chumba kile. Tuliposhuka, mtoto mmoja wa kike akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza, “Mwalimu, yule aliyekuwa akiwaletea chakula humu, alijua kwamba ni watu?” Nikamjibu, “Bila shaka alijua.” Akauliza tena, “Basi usiku alilalaje?” Sikuwa na jibu. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikisikia swali lile, kwani mimi nilikuwa nimelala vizuri miezi mitatu.

Nilipofika nyumbani nikamwita yule binti, mke wangu akiwapo, nikamwomba radhi, nikamwambia ya kuwa nina deni lake. Akainama, akasema, “Mimi nilidhani kanga ile ndiyo mshahara.”

Tangu siku ile siwezi kuisifu zawadi ya Krismasi bila kuyakumbuka maneno hayo. Nililipa kidogo kidogo hata deni likaisha. Alipopata fedha zake zote aliomba ruhusa aende kumwona mama yake, maana siku zote hakuwa na nauli. Akaenda, wala hakurudi tena. Sikumlaumu. Wahenga wamesema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba aliyelipa atasifiwa.

Basi tufanyeje? Kwanza tutazame Kanisa lenyewe linavyotufundisha. Halituachi tukae karibu na hori tukifurahi tu. Tarehe 26 Desemba latuonyesha Stefano akipigwa mawe. Tarehe 28 latuonyesha watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na twakumbuka jinsi Yusufu alivyomchukua Mtoto na mama yake usiku, wakakimbilia Misri, wakawa wageni katika nchi ya watu. Siku tatu tu baada ya nyimbo za malaika! Ni kana kwamba Kanisa lasema, Umempenda Mtoto huyu alipolala katika majani. Utampenda sasa akiwa mkimbizi, akiwa hana nyumba, akiwa mtoto wa mtu mwingine?

Pili, nawapeni shauri dogo, nami nimelijaribu. Krismasi ni tarehe 25 ya mwezi wa kumi na mbili. Lakini kila mwezi una tarehe yake ya 25. Siku hiyo, jioni, baada ya sala ya nyumbani, baba na mama wajiulize maneno matatu. Ni nani ninayewiwa naye, hata kama ni fundi, au mchukuzi, au mtumishi wa nyumbani? Ni nani nisiyesema naye? Na ni mgeni gani mtaani kwetu asiye na mtu wa kumwuliza hali? Kisha asubuhi afanye moja katika hayo kabla hajafanya kazi nyingine. Kwani ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo.

Nanyi ndugu Walimu, kuna watoto waliosimama katika mchezo wa Krismasi wakiwa malaika na wachungaji, nasi tukawapigia makofi. Januari mmoja wao haonekani darasani, kwa sababu hana sare, au kwa sababu ameachwa alee wadogo zake. Msiliandike jina lake kwamba hakuhudhuria mkatosheka. Nendeni kwao. Mchungaji wa Bethlehemu alikesha usiku kwa ajili ya kondoo. Nanyi mtafuteni huyu mchana.

Tena tusiwasahau jirani zetu. Sisi Wakristo wa kisiwa hiki tu wachache, na jirani zetu walio wengi ni Waislamu. Siku ya Idi sahani zao huja mlangoni petu, na tukifiwa huja kukaa nasi. Basi tusiwe watu wa kupeleka sahani mara moja kwa mwaka, kisha mwaka mzima tukapita bila salamu. Kumbukeni ya kuwa chini ya Kanisa Kuu letu kuna ardhi iliyotolewa na mtu asiye wa dini yetu. Zawadi yake haikuisha jioni ya sikukuu. Twaikanyaga kila tuendapo kusali.

Mwisho, kitabu hiki ni cha Jubilii, na yafaa tukumbuke maana ya neno hili. Katika Sheria ya Musa, baada ya miaka saba mara saba, mwaka wa hamsini ulitakaswa. Baragumu ilipigwa, nao waliouzwa kwa ajili ya deni walirudi kwao wakiwa huru, na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Angalieni: haikuwa siku ya Jubilii, ilikuwa mwaka. Siku moja yatosha kupiga baragumu, lakini haitoshi kumfikisha mtumwa kwao. Ana safari ndefu, ataka chakula cha njiani, na nauli.

Leo tukitoka hapa tutapita karibu na chumba kile. Nawaombeni tusimame kidogo mlangoni, tusali kwa ajili ya wale ambao majina yao hatuyajui. Kisha kila mmoja aende kwake, akatazame nyuma ya nyumba yake. Akikuta shimo, asingoje Desemba. Amtoe mtu aliyemo.

Bwana wetu, aliyekubali kuzaliwa penye wanyama kwa kukosa nafasi kwa watu, na apate nafasi kwetu leo, na kesho, na mwaka mzima. Amina.