Kabureta Kubwa Si Dawa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Ishiara)



Leo tutaongea juu ya kabureta. Najua mtacheka, maana mimi ni mtu wa maendeleo ya jamii, si fundi wa magari. Lakini pesa ya kikundi ikimwagika, hata kupitia injini, hiyo ni kazi yangu.

Kikundi kimoja kilikuwa na pikapu ya zamani, Peugeot 404, injini ya lita 1.6. Mnalijua gari hilo: ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Lilibeba ndengu na mbuzi kwenda sokoni. Kabureta ilipochakaa, waliambiwa wanunue kubwa zaidi ili gari lipate nguvu. Wakachanga, wakanunua. Gari likaanza kukohoa mlimani, plagi zikawa nyeusi, na faida ya ndengu ikaishia kwenye tangi.

Kwa nini? Mama akipuliza moto jikoni hukaza midomo. Akiachama, pumzi hutoka bila nguvu. Kabureta ni hivyo hivyo. Hewa hupita mbio kwenye koo jembamba, na mbio hiyo ndiyo huvuta petroli na kuifanya kama ukungu. Koo likiwa pana mno, hewa hupita pole pole, petroli huingia kwa matone na haiungui vizuri. Likiwa jembamba mno, gari litavuta vizuri kwa mwendo wa pole, lakini likikimbizwa litakosa pumzi.

Basi tupige hesabu. Injini hiyo huvuta lita 1.6 za hewa kila ikizunguka mara mbili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hiyo ni 1.6 mara 2,500, yaani lita 4,000. Lakini silinda hazijai kabisa. Toa moja ya tano, zabaki lita 3,200. Kabureta ya kupitisha hewa hiyo yatosha. Na gari la mzigo kwenye barabara ya vumbi halifiki huko mara nyingi.

Kabla ya kuchanga pesa, fanyeni hivi:

1. Safisheni kwanza ile ya zamani na jeti zake. Angalieni chujio la hewa na plagi. Huenda ubaya uko hapo.

2. Someni namba ya kabureta iliyokuja na gari. Kwa Solex, 32 ni kipenyo cha tundu kwa milimita. Mkiletewa 40, msiseme ni tofauti ya 8 tu; uwazi wake umezidi kwa zaidi ya nusu.

3. Gari la Mombasa likija nyanda za juu, hewa ni nyepesi na petroli huzidi. Fundi abadilishe jeti, si kabureta nzima.

4. Pimeni kilomita kwa lita 5, kabla na baada ya kubadilisha. Mweka hazina aandike.

Kiatu kikubwa hakimfanyi mtoto akimbie.