Kuoa, Kuolewa na Kucheka: Jinsia na Lugha katika Vichekesho vya Runinga nchini Kenya



Kiswahili hakina ngeli ya kike wala ya kiume. Asemaye "amefika" halazimiki kubainisha iwapo aliyefika ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi a- chawatosha wote wawili. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba Kiswahili ni lugha isiyobagua kijinsia. Vichekesho vya runinga vinatoa ushahidi tofauti. Mcheshi huishi kwa kujua mahali jamii ilipoficha mizani yake, na katika Kiswahili mizani ya jinsia haikufichwa katika viwakilishi. Imo katika unyambuaji wa vitenzi, katika majina ya kuitana na katika lafudhi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika vichekesho vya Kenya, tangu enzi za televisheni moja ya taifa hadi enzi za vituo vingi, mizani hiyo imehamishwa kutoka mabega fulani hadi mengine, lakini haijaondolewa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kitenzi "oa". Kwa mazoea ya lugha, mume huoa na mke huolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa. Mwanamume akisemwa kuwa "ameolewa", hadhira hucheka hata kabla ya kuelezwa alichofanya. Katika mazungumzo ya Wakenya limo pia neno "kukaliwa", linalotumiwa kumdhihaki mume anayetawaliwa na mkewe. Maneno haya mawili yanashiriki kiambishi kimoja, -w-, cha kauli ya kutendwa. Kinachochekesha ni kumwona mwanamume ameketi katika nafasi ya mtendwa. Mwanamke akiwekwa pale pale, hapana anayecheka, kwa kuwa ndipo alipozoeleka. Kicheko kinafichua sheria ambayo hakuna kitabu cha sarufi kilichoiandika.

Sheria hiyo ilionekana mapema katika Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya taifa iliyojulikana kama Sauti ya Kenya hadi ilipokuwa KBC mwaka 1989. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, aliigiza Mzee Ojwang', naye Mary Khavere akaigiza Mama Kayai. Majina yenyewe yanastahili kuchunguzwa. "Mzee" ni heshima inayosimama peke yake. "Mama" humtambulisha mwanamke kwa uzazi na ulezi. Hata hivyo, Mama Kayai hakuwa mke wa kuitikia tu. Alihoji na alikaripia. Hadhira ilimpenda kwa ulimi wake, lakini ulimi huo ulisikika zaidi katika mambo ya nyumba na ndoa. Mwanamke alipewa sauti. Mipaka ya sauti hiyo ilikuwa imekwisha kuchorwa.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuichukulia historia hii kama safari iliyonyooka kutoka gizani hadi nuruni. Katika televisheni hiyo hiyo ya taifa kulikuwa na Vioja Mahakamani, ambamo kiti cha hakimu kilikaliwa na mwanamke, aliyeigizwa na Lucy Wangui. Washtakiwa kama Ondiek na Makokha walizungumza kwa lafudhi za lugha zao za kwanza, wakaikoroga sarufi na kuchekwa. Hakimu alizungumza Kiswahili sanifu, naye hakuchekwa. Mamlaka yake yalijengwa kwa lugha: aliuliza, akakatiza, akaamuru, na wanaume wakajibu. Huyu alikuwa mwanamke mtenda, tena katika kipindi ambacho wengi hukitaja kama cha zamani.

Mwaka 1990 KTN ilianza kurusha matangazo, na ukiritimba wa televisheni ya taifa ukakoma. Baadaye Citizen ikawa makao ya vichekesho vingi vya Kiswahili, kikiwemo Papa Shirandula kilichoanza mwaka 2007. Charles Bukeko, aliyefariki mwaka 2020, aliigiza bawabu anayemficha mkewe Wilbroda kazi anayoifanya, akijifanya mtu wa ofisini. Hapa kicheko kinamgeukia mwanamume mwenyewe. Anachokilinda Papa kwa uongo wake ni dhana kwamba mume hana heshima asipokuwa na cheo na kipato. Dhana potofu za kijinsia humfunga pia yule anayedhaniwa kunufaika nazo.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo alikuja Awinja, mtumishi wa ndani aliyeigizwa na Jacky Vike. Lafudhi yake ya Kiluhya ndiyo silaha yake na ndiyo pia sababu ya kuchekwa. Awinja ni mwepesi wa kujibu, na mara nyingi humshinda mwajiri kwa maneno. Hata hivyo, mhusika huyu amekusanya pamoja mambo matatu: jinsia, kabila na tabaka. Lafudhi iliyokuwa zamani alama ya kabila, hata kwa wanaume kama Mzee Ojwang', imefungamanishwa na mwanamke wa kazi za nyumbani. Mke amepata nafasi zaidi ya kusema, na sehemu ya mzigo wa kuchekwa ameupokea mwanamke aliye chini yake.

Kwa wanafunzi wa isimujamii kazi iliyopo ni bayana. Haitoshi kuhesabu wahusika wa kike na wa kiume. Ni lazima kuuliza nani anauliza na nani anajibu, nani anatumia Kiswahili sanifu na nani anachekwa kwa lafudhi, nani ni mtenda na nani ni mtendwa. Watoto wengi nchini Kenya husikia vichekesho hivi kabla ya kufundishwa kauli za vitenzi darasani. Mwalimu anapofika kwenye "oa" na "olewa", wanafunzi wake wanajua tayari ni nani wa kuchekwa. Sarufi hiyo hiyo ina kauli ya kutendana, nayo hutoa neno "oana". Mwalimu asilipite neno hilo kama mfano wa mwisho wa orodha. Alisimamie, awaulize wanafunzi kwa nini halimchekeshi mtu.