Haki ya Marehemu Isizikwe Pamoja Naye
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo hunong'onwa sana matangani, kisha likaachwa pale pale mikeka inapokunjwa. Jambo lenyewe ni hili. Mgonjwa, au mzee asiyejiweza, amepelekwa katika nyumba ya uuguzi ya mtu binafsi, au katika makao ya wazee. Watu wake wamelipa walichoambiwa. Naye akafa kwa kuwa hakupewa maji, au hakugeuzwa kitandani hata mgongo ukaoza kwa vidonda, au aliita usiku kucha na hapana aliyeitika. Je, sheria ya Kenya imewawekea jamaa zake njia gani?

Yafaa tuseme tangu mwanzo kwamba si kila kifo ni uzembe. Wauguzi wengi ni watoto wetu wenyewe wa Likoni, Kisauni na Changamwe, nao hukesha na wagonjwa wetu kwa mshahara mdogo. Hatukusimama hapa kuwatia lawama. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imempa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Haki hiyo haimwachi anapovuka mlango wa nyumba ya uuguzi.

Njia ni tatu, nazo hazizuiani.

Ya kwanza ni ya jinai. Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, yamlazimu kila aliyechukua ulinzi wa mtu asiyeweza kujitoa wala kujitafutia mahitaji yake, kwa uzee au kwa ugonjwa, ampatie mahitaji ya uhai. Akipuuza wajibu huo kwa uzembe mkubwa na mtu akafa, aweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hapana haja ya kuthibitisha kuwa alitaka kuua. Jamaa hupeleka habari kituo cha polisi na kupewa namba ya OB, polisi huchunguza, na anayeamua kama mashtaka yafunguliwe ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tena, pale kifo kilipo na shaka na sababu yake haijulikani, hakimu aweza kufanya uchunguzi mahakamani na kuwaita mashahidi.

Ya pili ni ya leseni. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya hupokea malalamiko juu ya madaktari na juu ya hospitali na nyumba za uuguzi zilizosajiliwa nalo. Wauguzi nao wana Baraza lao la Uuguzi. Mabaraza haya hayamfungi mtu gerezani, lakini yaweza kumsimamisha kazi au kumfutia usajili. Malalamiko huandikwa kwa barua iliyo wazi: jina la marehemu, tarehe aliyolazwa, tarehe aliyofariki, yaliyoonekana, na nani aliyeyaona.

Ya tatu ni ya fidia. Hapa wazee wetu waliofanya kazi ya reli pale Changamwe watapendezwa kujua asili yake. Zamani, katika sheria ya Kiingereza iliyoletwa huku kwetu, mtu akiuawa kwa uzembe wa mwingine jamaa zake hawakuwa na dai lolote kwa kifo hicho. Mwaka 1846, wakati reli ilipokuwa ikienea na ajali zake zikizidi, Bunge la Uingereza liliibadili kanuni hiyo. Sheria yetu ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni mtoto wa sheria ile. Wanaofidiwa kwayo ni mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu, na wajukuu na mababu huhesabiwa humo. Ndugu wa tumbo moja hawamo. Pamoja nayo iko Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo hurithisha dai la marehemu mwenyewe kwa mirathi yake: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa, na gharama za mazishi.

Hatutaki kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mahakama hupima fidia ya wategemezi kwa kipato cha marehemu na miaka aliyotazamiwa kuishi. Kwa hiyo fidia ya mzee wa miaka themanini asiye na kazi haiwezi kuwa kubwa. Kwa watu kama hao, njia ya kwanza na ya pili huenda zikawa na uzito kuliko ya tatu, maana humzuia yule yule asimtende mwingine hivyo kesho.

Sasa tuseme habari ya muda, kwani hapa ndipo wengi hupotea. Kesi chini ya Sura ya 32 sharti ifunguliwe kabla ya kutimia miaka 3 tangu siku ya kifo. Dai la uzembe kwa jumla nalo lina miaka 3. Lakini ikiwa mdaiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu. Basi aliyefiwa katika hospitali ya umma asijilinganishe na jirani aliyefiwa katika nyumba ya mtu binafsi. Na kabla ya kudai kwa jina la mirathi, hapana budi mmoja wa jamaa apate barua ya usimamizi kutoka mahakamani, walau ile ya muda iliyowekwa kwa ajili ya kesi peke yake. Anayefungua kesi ya mirathi bila barua hiyo hujenga nyumba bila msingi.

Ndugu wanachama, miaka 3 yaonekana mingi. Lakini ushahidi haungoji miaka 3. Sheria imetupa miaka, na ushahidi hutupa siku. Muuguzi wa zamu huhama kazi. Karatasi ya kitandani iliyoandikwa saa za maji na dawa hupotea. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyesikia na kuona, hurudi kwao Taita au Kilifi na hapana aliyemwuliza jina. Na mwili, ambao ndio shahidi mkubwa, huzikwa.

Kwa hiyo twashauri mambo matano katika siku tatu za mwanzo. Kwanza, jamaa wakiwa na shaka waiandike polisi kabla ya mazishi. Pili, waombe mwili upasuliwe na daktari wa serikali, na wakiweza wawe na daktari wao wa kushuhudia. Tatu, waombe kwa barua nakala ya kumbukumbu za mgonjwa. Kifungu cha 35 cha Katiba champa raia haki ya kupata habari iliyo mkononi mwa mwingine, ikiwa aihitaji ili kulinda haki yake. Nne, waandike majina ya waliokuwapo, na saa za matukio, wangali wakikumbuka. Tano, watunze kila risiti, tangu ya dawa hata ya sanda au jeneza.

Tunajua lisemwalo hapa. Wazee watatuambia kwamba maiti hasubirishwi, na kwamba kifo ni amri ya Mungu. Twakubali yote mawili. Sisi Waislamu na Wakristo wa pwani hii hatuna tofauti katika kumheshimu maiti. Lakini ajali ya mtu kuwa imeandikwa haimwondolei mlinzi amana aliyopewa. Mchungaji aliyelala huulizwa habari ya kondoo. Na katika habari ya kupasua mwili, wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu pale haki inapolazimu. Familia na imuulize sheikh wake au padri wake siku hiyo hiyo, isijikatie shauri kwa hofu. Akisha zikwa, hakimu aweza kuamuru kaburi lifukuliwe, nalo ni jambo zito kwa wafiwa kuliko kungoja siku moja.

Yako mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni karatasi ya kutia sahihi. Yawezekana mwenye nyumba ya uuguzi akasema, "Tutafuta deni lote, nanyi tieni sahihi hapa kwamba mmeridhika." Mwenye msiba hutia sahihi ili apate maiti wake. Ijulikane kwamba Mahakama Kuu hapa Mombasa, katika kesi ya mwaka 1998, ilisema maiti si mali ya kuwekwa rehani kwa deni. Deni hudaiwa kwa njia ya deni. Basi karatasi yoyote ichukuliwe nyumbani na isomwe na mtu mwenye ujuzi kabla ya kuguswa kwa kalamu.

La pili ni madalali wa kesi wanaozunguka vyumba vya maiti. Wakili wa kweli hatafuti wafiwa hospitalini, wala sheria ya mawakili haimruhusu kupatana kwamba atalipwa tu kesi ikishinda. Asiye na uwezo asikate tamaa: Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa, na chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iko Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Gosport, Uingereza, wauguzi wa hospitali moja walilalamika tangu mwaka 1991 juu ya dawa kali walizokuwa wakipewa wagonjwa wazee. Hawakusikizwa. Jamaa za waliokufa walishikilia, mwaka baada ya mwaka, na mwezi Juni 2018 jopo lililoongozwa na Askofu James Jones lilitoa taarifa kwamba zaidi ya watu 450 walifupishiwa maisha yao. Taarifa hiyo ilisimama juu ya karatasi: vyeti, barua, kumbukumbu za wodini. Ikiwa nchi yenye mali kama ile ilihitaji miaka ishirini na saba kufika hapo, je, sisi tusioandika lolote tutafika lini?

Bwana Mwenyekiti, chama chetu kina mfuko wa mazishi. Mfuko huo hununua sanda na mbao, hukodi gari, na kulipia chakula cha wageni. Jambo jema, na lidumu. Lakini haujawahi kununua hata ukurasa mmoja wa nakala. Kwa hiyo Kamati yaleta shauri hili mbele yenu mlipigie kura: kwamba mwanachama anapofiwa katika nyumba ya uuguzi, au makao ya wazee, au hospitali, naye akiwa na shaka, chama kimpe mtu mmoja wa kufuatana naye siku tatu, polisi, hospitalini na kwa chifu; na kwamba mfuko ulipe nakala, nauli ya kuvuka hadi kisiwani, na, ikiwezekana, sehemu ya ada ya daktari wa kushuhudia.

Gharama hiyo itapunguza chakula cha matanga; hatuwafichi. Tunawaomba wazee wapime lipi linalomheshimu zaidi marehemu, nasi tutatii uamuzi wa mkutano.