Hesabu ya Wapitanjia na Masoko ya Msimu: Funzo kutoka Keko

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Keko, katika Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, inajulikana zaidi kwa mafundi seremala wanaopanga vitanda, makabati na makochi kandokando ya barabara. Mtaa huo hauko mbali na viwanja vya Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa, maarufu kwa jina la Sabasaba, vilivyo kando ya Barabara ya Kilwa. Kila mwaka, ifikapo mwishoni mwa Juni, watu humiminika huko, na nje ya viwanja huzuka soko la siku chache: mama lishe, wauza maji, kofia na vitu vya kuchezea watoto. Maonyesho yakifungwa mwezi Julai, soko hilo nalo huvunjika.

Anayegawa nafasi katika soko la namna hiyo hupenda kujua idadi ya watu, na njia nyepesi ni kuhesabu tiketi mlangoni. Lakini tiketi haielezi mtu alitokea upande gani, wala alirejea saa ngapi. Tangu ijengwe njia ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Kilwa, hesabu za njia zilizochukuliwa kabla yake zinahitaji kupitiwa upya. Mwanamke aliyekopa mtaji katika kikundi, akalipa ushuru na kupangiwa nafasi nyuma ya ukuta, huusikia umati kwa masikio tu; na deni halingoji msimu ujao. Kwa mafundi seremala hali ni nyengine kabisa, kwani mtu hutazama kabati leo na kurudi kulinunua mwezi mwengine. Wapitao mbele ya kabati hilo hawafai kulinganishwa na mauzo ya siku hiyo.

Lililo zito zaidi ni kalenda. Sabasaba hufuata jua, Ramadhani hufuata mwezi, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Mwaka 2014 na 2015 maonyesho yalifanyika takriban yote ndani ya Mwezi Mtukufu. Mwaka 2016 yaliangukia katika kumi la mwisho, na Idd-el-Fitr ikaingia katika siku zile zile za kilele. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Idd-el-Hajj. Ofisa anayelinganisha chakula cha mchana kilichouzwa Julai 2015 na kile cha Julai 2019 aweza kuandika kwamba biashara imekua, ilhali kilichobadilika ni mwandamo wa mwezi.

Kwa upande wa Zanzibar, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa idadi ya watalii kwa kila mwezi. Mwaka 2023 walizidi 600,000. Takwimu hizo zina manufaa makubwa kwa Forodhani. Wageni huongezeka Julai na Agosti, hupungua Aprili na Mei wakati wa masika. Hata hivyo, Idd-el-Fitr ya 2023 na ya 2024 zote ziliangukia Aprili. Anayeifuata orodha ya watalii peke yake angepunguza meza za Darajani katika majuma ambayo wazazi hawapati pa kukanyaga kwa kutafuta nguo za watoto.

Dawa yake haina gharama kubwa. Vijana wachache wenye madaftari wakae katika njia zinazoingia sokoni, wahesabu asubuhi, baada ya Alasiri na baada ya Isha, na kila ukurasa uandikwe tarehe zote mbili, ya Miladia na ya Hijria. Hesabu hizo zibandikwe ubaoni kabla ya kura ya nafasi kupigwa, ili kila mfanyabiashara ajue anachokilipia. Wako watakaosema kwamba wazee wa soko wanayajua hayo yote kwa kichwa. Ni kweli, na wao ndio wa kuulizwa kwanza njia zipi zihesabiwe.

Wakati wa kuanza si mrefu. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuandama mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Ya kwanza itaikuta Sikukuu ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari; ya pili itaanza hoteli zikiwa na wageni wa kufunga mwaka. Jedwali la miezi kumi na miwili lililozoeleka maofisini litaziweka zote mbili chini ya mwaka mmoja.