MAJI YA SHUME NA BAHARI YETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Huenda wapo miongoni mwenu watakaouliza: sisi watu wa visiwani tuna haja gani na Shume, mahali palipo juu ya milima ya Usambara, penye baridi ya kuvalia koti na pasipoonekana hata ngalawa moja? Jawabu letu ni kuwa maji ya milima ile huishia mbele ya milango yetu.

Upande wa kusini maji hushuka kwa Soni na Mombo, yakaingia Mto Mkomazi, nao Mkomazi ukaingia Mto Pangani, ambao humwagika katika bahari iliyo baina ya bara na visiwa hivi. Upande wa kaskazini, kwenye Mlalo, hushuka Mto Umba, utokeao baharini karibu na Vanga, nchi ya Kenya. Msitu ukisimama, mvua huzama ardhini na mto hupata maji hata wakati wa kiangazi. Ukifyekwa, maji huteremka kwa siku moja na udongo mwekundu juu yake, na udongo huo ukifika pwani huyafunika matumbawe na majani ya bahari ambamo samaki huzaa.

Kwa upande mwingine, mto ukinyimwa maji bahari huingia ndani. Watu wa Pangani wanayajua haya vyema. Maji mengi ya mto wao huchukuliwa juu kwa kilimo, mengine huzuiliwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na chumvi imepanda mtoni ikaharibu mashamba. Kamba wachanga nao, ambao hukulia penye mikoko na maji ya mchanganyiko, hukosa makao.

Sasa tazameni jinsi maji hayo yalivyokatwa vipande. Msitu una Wakala wake. Mto una Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Uvuvi wa Bahari Kuu una Mamlaka yake, na maji ya karibu na visiwa yako chini ya Serikali ya Zanzibar. Maji na misitu si mambo ya Muungano. Kwa hiyo mvuvi wa Nungwi au wa Mkoani, mto ukikauka, hana mlango wa kubisha. Sheria ya maji ya Bara ya mwaka 2009 yasema kwamba, baada ya mahitaji ya lazima ya binadamu, mto wenyewe uwekewe fungu lake. Ni kauli njema. Lakini fungu hilo hupimwa kwa haja ya nani, ya mto peke yake au na ya bahari?

Hatusemi haya ili kumlaumu mkulima wa Shume, mwenye viazi na kabeji zake mtelemkoni. Yeye alikwisha kuonewa. Mnamo 1946 Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, na mwaka 1950 wakaueneza Usambara, wakiwalazimisha watu kulima matuta kwa amri, na mkaidi akatozwa faini. Wasambaa waliukataa, ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961. Na kabla ya Waingereza, Wajerumani waliikata mitarakwa ya Shume wakaishusha kwa waya wa angani hadi kwenye reli ya Mkumbara. Mwenye kuikata alipata faida. Mwenye kuamrishwa kuitunza ardhi hakupata hata senti. Akiombwa leo auache msitu usimame kwa ajili ya samaki wetu, ni haki alipwe.

Wala sisi hatuna mikono safi, maana mikoko yetu tunaikata kwa boriti na kwa tanuri za chokaa.

Tunalolidai ni hili: kabla ya kutolewa kibali chochote kikubwa cha kuchukua maji ya Pangani au Umba, bahari ihesabiwe, na barazani wakae pamoja mkulima wa Shume, mtu wa Pangani na mvuvi wa visiwani. Wawakilishi wetu watalipeleka swali hili Barazani. Wavuvi wenye khabari za kupungua kamba na samaki, waziandike pamoja na mahali na mwaka, wampe katibu wa tawi.